Mawe Niliyoyapaka Rangi

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu tumeshapeana tangu mchana, wewe umenuna huko chumbani na mimi nimenuna huku jikoni, kwa hiyo nazipita. Nasikia zipu ya begi lako ikifungwa na kufunguliwa. Sitakuambia uvae soksi nene wala uchemshe maji ya kunywa. Umekaa kambi za chuo, mambo hayo unayajua, na usiyoyajua tumbo litakufundisha vizuri kuliko mimi.

Barua hii nitaisokomeza ndani ya buti lako la kushoto. Begi unaweza kulipanga upya na karatasi ikapotea, lakini buti lazima utie mguu. Gari la kampuni linakufuata alfajiri, na sisi wawili najua tulivyo. Wewe utasema, "Haya mama," nami nitasema, "Haya, Mungu akutangulie," na lile swali lako litabaki mezani pamoja na vikombe. Sitaki libaki, kwa sababu huko unakokwenda watu wanaweza kuumizana kwa ajili yake.

Uliniuliza swali moja tu. Ulitandaza ramani juu ya meza hata sahani za mchana hazijaondolewa, ukanionyesha mstari mwekundu wa mkuza, ile njia pana itakayofyekwa kwa ajili ya nguzo za umeme mkubwa. Unatoka barabara kuu karibu na Mikese, unapanda migongo ya Uluguru upande wa mashariki. Ukanieleza kazi yenu, kana kwamba mimi sikuifanya mpaka goti likakataa: mtangulie mbele ya katapila, mpite mkuza wote kwa miguu, mtazame kama kuna makaburi, vigae vya vyungu, mavi ya chuma cha wafuaji wa zamani, mahali pa tambiko, muandike ripoti, nguzo zihamishwe au zisihamishwe. Nilikuacha useme. Nilifurahi kukusikia unasema. Kisha kidole chako kikasimama juu ya mgongo ulio nyuma ya kwa mjomba wako Kibwana.

"Mama, hapa nguzo inaangukia kabisa. Kwenye picha ya setilaiti naona miti tu na mashamba. Kuna kitu?"

Nikainuka kuosha vyombo.

Ukanifuata mpaka kwenye beseni. "Umetembea mikuza nusu ya nchi hii, mimi mwanao nakuuliza swali la kazi, unanigeuzia mgongo uoshe sufuria?"

Nikakujibu, "Kamuulize mwenye mlima."

"Basi mimi na mgeni hatuna tofauti."

Neno hilo limenichoma, Mwanaidi. Limenichoma kwa sababu ulikuwa na haki ya kulisema. Wewe ni mtoto wa ukoo ule kwa upande wangu, na kwetu upande wa mama ndio unaohesabika kwenye ardhi. Hakuna mtu kwenye gari lile la kesho mwenye haki ya kuuliza kuliko wewe. Na bado nilinyamaza, na hata sasa nikiandika sijui nitafika wapi kabla kalamu haijakataa.

Ngoja nianze na hadithi unayoifahamu. Habari ya mawe ya rangi umeisikia kwa mjomba wako, ambaye huianza kama kichekesho na ikifika katikati anaomba maji ya kunywa. Hujawahi kuisikia kwangu. Ukiniuliza nilikuwa nasema, "Yamepita hayo." Hayakupita.

Nilikuwa bado kijana, na ndiyo kwanza nimepewa kuongoza timu. Nilikuwa na kiburi, usicheke, nilikuwa nacho kuliko chako. Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimejiaibisha: nilisimamisha kazi ya mfereji siku nzima kwa sababu nimeona vigae vyekundu vimelala vizuri kwenye udongo, nikapiga picha, nikazungushia kamba, mpaka akaja mama mmoja na ndoo kichwani akasema, "Hicho chungu changu mimi. Nilikivunja mfungo uliopita. Mnakitakia nini?" Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Kwa hiyo niliapa moyoni kwamba safari hii nitafanya kila kitu kama kinavyotakiwa, mtu asipate pa kunicheka.

Ilikuwa kijiji kimoja cha tambarare ng'ambo ya Mikese, barabara ya kwenda kwenye machimbo ya mawe inataka kupanuliwa. Nilifanya kazi nzuri. Sijisifu. Nilikaa na watu, nilikula kwao, sikuharakisha. Mpaka bibi mmoja, Bi Tatu, akakubali kunionyesha walipolala watu wake. Alivua ndala, nami nikavua viatu, tukapanda taratibu kwenye kilima kidogo pembeni mwa barabara. Mawe yalikuwa yamepangwa chini ya majani marefu, usingeyaona hata ukiyakanyaga. Alinitajia majina yao kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuwaamsha. Kabla yangu hakuwahi kumpeleka mgeni pale.

Nikaogopa katapila. Dereva yuko juu kule, kelele imemziba masikio, jua linampiga machoni, majani marefu: ataona jiwe saa ngapi? Kwa hiyo nikarudi Morogoro mjini nikanunua kopo la rangi nyeupe, nikaenda nikapaka kila jiwe na kuliandika namba. Kwenye kila pembe nikakita kigingi na kukifunga utepe mwekundu. Ndivyo tulivyofundishwa. Ukikuta kaburi, liwekee alama lionekane. Rangi iliniishia kabla sijamaliza, mawe ya upande wa chini yakabaki vilevile, nikasema haidhuru, yako ndani ya vigingi.

Bi Tatu alikuwa amesimama pembeni. "Mwanangu, rangi hii ya nini?"

"Ili paonekane, bibi."

"Paonekane na nani?"

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya uzee.

Sasa, wewe umezaliwa Morogoro, sihitaji kukueleza habari ya mali za Mjerumani. Umewasikia mafundi wa baiskeli wakibishana pale Mji Mpya: Mjerumani alipofukuzwa na vita alizika rupia na dhahabu milimani, akaacha alama kwenye mawe ili wajukuu wake waje kuchukua. Watu wamechimba misingi ya madaraja kwa habari hizo. Wamechimba hata nguzo za wapima ramani. Mimi nilikuwa nazijua habari zote hizo, nilikuwa nazisimulia mwenyewe kwenye kahawa na watu wanacheka. Na haikunipitia akilini hata mara moja kwamba mtu anayekuja na gari, anashika mashine inayolia, anaandika namba nyeupe kwenye jiwe, anakita kigingi, kisha anaondoka bila kuchimba, kwa macho ya watu wa pale ndiye mjukuu mwenyewe wa Mjerumani. Ameona mali na amekwenda kuita wenzake. Nani angekaa kumsubiri arudi?

Niliporudi na mhandisi kumwonyesha mpaka, kila jiwe lenye rangi lilikuwa limebingirishwa na chini yake shimo. Sitaandika nilichokiona kwenye udongo ule. Lakini nitakuandikia hili, na ukisahau mengine yote ulikumbuke: yale mawe ya chini, ambayo rangi iliisha kabla sijayafikia, hayakuguswa hata moja.

Wanakijiji wakanichukua mpaka ofisi ya kijiji. Mgambo wawili waliniweka ndani na kufunga mlango, mpaka leo sijui kama walikuwa wananilinda au wamenishika. Nje uwanja ulijaa. Nilisikia mtu anasema nimeshahamisha mali zote kwa gari la serikali na kuwaachia mifupa. Waliopiga kelele zaidi, nilikuja kuambiwa baadaye, ndio wenye udongo kwenye kucha. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mpole, aliogopa kuliko mimi. Jiwe lilipiga bati, kisha la pili. Nikawaza bibi yako atapataje habari.

Aliyenitoa ni Bi Tatu. Alipita katikati ya watu na fimbo yake, akataka afunguliwe mlango, akaingia akanitazama muda mrefu. Hakunitukana. Aliniuliza tena, "Paonekane na nani, mwanangu?" Kisha akanishika mkono tukatoka pamoja, na kwa heshima yake hakuna aliyenigusa.

Watani wa ukoo ule ndio walioitwa kurudisha mifupa, kama ilivyo desturi, maana wafiwa hawawezi. Nikaomba nishiriki. Walikuwa wanafukia na kutania, unawajua watani, wanafanya mzaha hata kaburini ili wenye msiba wapumue. Mmoja akaniambia, "Mama mpima, na mimi siku yangu ikifika nipake rangi, wasije wakanisahau." Watu wote walicheka, hata Bi Tatu. Mimi sikuweza, na mpaka leo nikinusa rangi mbichi ya ukutani natoka nje. Ndiyo maana nyumba hii unaiona imepauka, baba yako amesema mpaka amechoka.

Habari zilipanda mlima kabla yangu. Kibwana alikuwa tayari ndiye mkubwa wa ukoo wetu na mwenye mlima, na hakuniuliza chochote. Mwaka haukuisha bibi yako akafariki. Yeye ndiye wa mwisho tuliyemlaza pale walipolala wakubwa wote wa ukoo. Baada ya watu kuondoka, Kibwana alinizuia. Nilikuwa bado na udongo mkononi.

"Dada mdogo, nisikilize. Kazi yako siijui na wala siikatazi. Lakini hapa hutapapaka rangi. Hutapaandika, hutapachora, hutamwonyesha mtu kwa kidole wala kwa mdomo. Apa."

Nikaapa, mbele ya mama yetu ambaye hata udongo wake haujakauka. Sasa umejua kwa nini niliosha sufuria ile ile mara mbili.

Na leo jioni, wewe ukiwa umetoka kuwaaga wenzako, Kibwana amepiga simu. Kule kwao mtandao unashika kwenye jiwe moja tu, kwa hiyo ukiona amepanda mpaka pale ujue jambo ni zito. Hakuuliza hata hali ya goti langu.

"Nasikia wapima wanaanza kupanda."

"Kesho, kaka. Mwanaidi yumo."

Nilisikia upepo tu. "Mama yumo?"

"Yumo."

"Usimwambie kitu. Watakuja, watauliza, tutasema hakuna kitu, wataondoka."

"Kaka, mkisema hakuna kitu, nguzo inasimama palepale. Nimeiona kwenye ramani kwa macho yangu."

"Basi na sisi tutasimama palepale. Vijana wameshaanza kulala kule juu. Wamechukua na mapanga yao, wanasema ni ya kufyekea."

Simu ikakatika, au alikata. Nilimpigia tena na tena, hapatikani.

Mwanangu, naogopa. Nasema waziwazi maana sina namna nyingine ya kulisema. Wewe utakuwa katikati. Mbele yako vijana wa ukoo wako wenye mapanga, nyuma yako katapila na mhandisi anayetaka ripoti kabla mvua za masika hazijaharibu njia, na anayetakiwa kutia sahihi kwamba hakuna kitu ni wewe. Mimi niliokolewa na bibi mmoja mwenye fimbo, na siwezi kukuahidi kwamba atatokea mwingine. Tangu simu ile ikatike nimejaribu kutafuta upande ulio sawa. Mjomba wako anaamini kisichoonekana hakiguswi, na mawe ya Bi Tatu ambayo hayakupata rangi yanamuunga mkono. Wenzako wa kazini wanaamini kisichoandikwa hakilindwi, na nao hawasemi uongo, maana katapila haliulizi. Mimi nimezichukia pande zote mbili kwa zamu tangu jua lizame.

Nilichojifunza nilijifunza kwa kuchelewa, na hakikuwa kwenye vitabu vya wakati wangu. Baada ya Bi Tatu sikuweka tena nukta kwenye ramani ya mtu. Nilikuwa nachora eneo kubwa, kubwa mpaka wahandisi wananuna, lenye migomba ndani yake na mabonde na mawe yasiyo na maana yoyote, naandika nguzo isisimame humu, barabara isipite humu, basi. Bila kigingi wala utepe. Mahali penyewe halisi panabaki kwa watu wanaopajua. Mhandisi mmoja alinikemea, "Sasa kaburi liko wapi humu ndani?" Nikamwambia, "Wewe unataka kulizuru?" Mhandisi hahitaji kujua watu wamelala wapi, anahitaji kujua asipite wapi. Aliguna, akasogeza mstari wake. Nguzo ikisogezwa mapema, ingali kwenye karatasi, inasogea kwa kalamu tu. Ikishachimbiwa shimo haisogei kwa maneno.

Lakini huwezi kuchora duara kubwa bila kujua katikati yake ni wapi. Ukibahatisha, unaweza kulinda migomba ya watu na nguzo ukaipeleka kifuani kwa wazee. Hapo ndipo penye mkwamo, na najua na wewe umeshaufikia kabla yangu, wewe ni mwepesi.

Kitu kimoja kuhusu vichaka, kisha nitakwambia ninalotaka kukwambia. Tukipita kwa mistari, kila mtu na nafasi yake, macho yanapenda shamba lililolimwa. Udongo uko wazi, kigae kinaonekana. Ukifika kwenye kichaka kizito, chenye upupu na miiba, unakizunguka, unaandika hakuna kitu, unaendelea. Nimefanya hivyo na nimewaona wakubwa wangu wakifanya. Ni uongo, hata kama mkono unaoandika umechoka. Ambapo hukuingia, andika hukuingia. Usikubali mtu akusukume kutoka "sikuona" mpaka "hakuna", hata kama gari linanguruma na wenzako wana njaa. Na ukiwa kwenye milima ambayo watu wanalima mpaka ukingoni mwa korongo, ukaona miti imeachwa, jiulize aliyeiacha alikuwa anaacha nini. Hapo sijui kama nimevunja kiapo au sijavunja. Hilo ningemwambia mpima yeyote.

Sasa nisikilize, maana goti linauma na taa hii itakatika muda wowote.

Huko chuoni wanakuita Aida. Nimewasikia wenzako kwenye simu, Aida hivi, Aida vile. Sikukulaumu, Mwanaidi ni jina la kizee, kweli, ukilitaja watu wanatafuta mkongojo. Lakini unajua lilivyofika kwako kutoka kwa bibi yako. Kwetu jina la marehemu haliachwi likae peke yake, linatafutiwa mtu wa kulikalia, na huyo mtu anashika nafasi. Ulizaliwa arobaini ya bibi yako ikiwa imepita kidogo tu. Kibwana alishuka mlimani kwa miguu na mkungu wa ndizi begani, akaingia, hakunisalimu mimi niliyekuzaa kwa shida vile. Alipiga magoti kitandani akakuambia, "Shikamoo mama. Umerudi." Mtu mzima yule, na machozi yanamtoka.

Ukajifunza kusema "marahaba" kabla hujajua kutembea vizuri, majirani wakawa wanakuja makusudi kuangalia. Akija hakai mpaka umwambie kaa. Ulipofika kidato cha pili ukaona aibu mbele ya rafiki zako, ukamwambia, "Mjomba, mimi niite Aida." Akasema, "Sawa, mama." Ulikasirika siku mbili. Mimi nilicheka, na nikadhani ni utani wa mjomba kwa mpwa wake. Miaka yote hiyo nilidhani ni utani. Leo kwenye simu, mambo yameshaharibika, amekasirika, amesema, "Mama yumo?" na nikasikia sauti yake inapungua. Huyu hatanii, Mwanaidi. Hajawahi kutania.

Na kuna jambo la utotoni kwetu hulijui. Kibwana alikuwa mwongo hodari. Alimdanganya baba, alimdanganya mwalimu wa madrasa, mimi alinidanganya mpaka nikawa namsaidia kudanganya. Mtu mmoja tu hakumuweza. Mama alikuwa hapigi wala hafoki. Alikuwa anakaa chini, ananyoosha miguu, anashusha kanga ya kichwani anaiweka mapajani, anamtazama na kumuuliza taratibu. Kibwana alipopoteza mbuzi wa jirani kwa kulala machungani, kijiji kizima kilimhoji asiseme neno. Mama akakaa chini akamwambia, "Mwanangu, mbuzi umemwacha wapi?" Akaangua kilio, akatupeleka mpaka kwenye korongo lenyewe, usiku ukiwa unaingia.

Mimi nimeapa, na sitakuambia ni wapi. Nimekaa na kalamu hii nikijaribu kujidanganya kwamba kiapo kina tundu, nimeshindwa. Lakini Kibwana hakumwapisha mama yake.

Kwa hiyo fanya hivi, kama utaona inafaa. Ukiona haifai, wewe ndiye unayetia sahihi, mimi nimestaafu. Gari likifika kwa mjomba wako, waombe wenzako wabaki barabarani. Waambie unakwenda kusalimia. Mashine iache kwenye gari, kalamu pia, na hilo koti lenye mistari inayong'aa. Vijana watakuzuia njiani, usiogope mapanga, sema jina lako lote, Mwanaidi, na useme umekuja kumwona Kibwana. Atatoka. Atakuamkia kama anavyokuamkia, na safari hii usione aibu, itikia marahaba kwa sauti wote wasikie. Usimweleze habari za nguzo wala za kampuni, atazijibu zote, ameshajiandaa. Kaa chini. Nyoosha miguu. Shusha kanga uiweke mapajani. Nimekukunjia ile ya bibi yako, iko chini kabisa ya begi, niliitia ulipotoka kuwaaga wenzako.

Mtazame mpaka akutazame. Kisha muulize taratibu, "Mwanangu, ulinilaza wapi?"

Akikupeleka, vua viatu.

Mimi mama yako